Kubadili madirisha ya mbao kuweka ya aluminiamu: mwongozo kamili kwa nyumba ya pwani

Nyumba yetu ya Kigamboni ilijengwa na madirisha ya mbao: fremu nene, mabawa ya kufungulia nje, wavu uliopigiliwa kwa vijiti. Miaka kumi na kitu baadaye, ukibonyeza kizingiti cha chini kwa kidole gumba, kidole kinazama. Mbao ya juu ilikuwa bado ngumu kiasi cha kuchongea kiti, ile ya chini imeshakuwa unga. Tulipoanza kung'oa tukakuta hali hiyo hiyo katika madirisha yote tisa.

Dirisha huoza kuanzia chini kwa sababu maji yote yanayopiga kioo huishia pale. Aluminiamu haiozi, lakini maji yaliyokosa njia chini ya fremu ya aluminiamu yataingia ukutani, yabambue rangi na kulowesha kitanda. Kwa hiyo katika kila hatua ya kazi hii ninauliza swali moja: maji yakifika hapa, yanatokea wapi? Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba anayetaka kumsimamia fundi wake vizuri, au mwenye mikono myepesi anayetaka kufanya mwenyewe dirisha moja moja.

Kazi ifanyike lini

Pwani ya Tanzania masika hunyesha Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Panga kazi yako kati ya Juni na Septemba. Kuogopa nyumba kubaki wazi ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba saruji ya kizingiti inahitaji siku kadhaa za kukomaa, na silikoni haishiki kwenye ukuta wenye unyevu.

Kabla ya chochote, zunguka nyumba ujue ni ukuta gani unapigwa na mvua. Kusi huanza kuvuma karibu Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, hivyo mara nyingi ni kuta zinazotazama kusini na kusini-mashariki. Zikague: rangi imebambuka chini ya dirisha gani? Lipu imetoa chumvi nyeupe wapi? Hayo ndiyo madirisha ya kuyasimamia mwenyewe, usimwachie mtu.

Kama nyumba ni mpya, mpangilio ni huu: grili kwanza, kisha lipu, kisha vizingiti na vigae, mkono wa kwanza wa rangi, ndipo aluminiamu ije. Fremu ya mbao huwekwa kabla ya lipu, ila ya aluminiamu ukiifanyia hivyo utajuta. Saruji mbichi huila aluminiamu na kuacha madoa meupe yasiyofutika, na mwiko wa fundi hauna huruma na rangi ya fremu. Kwenye nyumba inayokaliwa, fanya chumba kimoja kwa wakati, na usiruhusu fundi ang'oe dirisha ambalo mbadala wake haujafika uani.

Aina ya dirisha

Wengi wetu tunaagiza la kusukuma pembeni bila hata kufikiri. Ni rahisi, halichukui nafasi, na linakubaliana na grili ya nje. Lakini linafunguka nusu tu: la futi tano linakupa hewa ya futi mbili na nusu, basi. Halafu mabawa yake hukutana kwa brashi, na brashi haizuii upepo wenye mvua kama raba iliyobanwa. Dirisha la kufungulia nje linafunguka lote, na ukilifunga bawa hubana raba pande zote nne. Kasoro yake ni grili, kwani italazimika kukaa upande wa ndani.

Mimi niliweka ya kusukuma sehemu kubwa ya nyumba, ila vyumba viwili vinavyotazama kusi niliweka ya kufungulia nje. Kwa choo na bafu, dirisha dogo la juu linalofunguka kwa kuinuka latosha. Luva za vioo zinapitisha hewa vizuri lakini hazifungi kabisa, na mwizi huzichomoa kimoja kimoja.

Ukichagua la kusukuma, agiza lenye reli tatu: mbili za vioo, ya tatu ya wavu. Lenye reli mbili litakulazimu kugandisha wavu kwa namna nyingine, na wavu wa kugandisha hauchukui muda kutoboka.

Kioo cha milimita 5 ndicho cha kawaida kwa dirisha la nyumba. Kwa yale mapana sana, au yanayokaribia sakafu, au ya bafuni, omba kioo kilichoimarishwa, kile mafundi wanachokiita tempadi, ambacho kikivunjika husambaa vipande vidogo butu badala ya visu. Kumbuka na uzito. Kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita ya mraba. Bawa moja la dirisha la futi tano kwa tano lenye kioo cha milimita 5 lina karibu kilo 14 na nusu za kioo peke yake. Uzito wote huo unabebwa na vigurudumu viwili vidogo chini. Ndiyo maana ninamwambia kila anayeniuliza: kabla hujatazama rangi ya fremu, omba kuona vigurudumu.

Juu ya aluminiamu yenyewe, uliza unene wa ukuta wa fremu. Usiulize upana wake. Mimi sikubali chini ya milimita 1.2, na kwa nyumba iliyo karibu na bahari natafuta 1.4. Omba kipande cha mabaki ukibane kwa kipimio. Fundi mwaminifu hatakasirika. Skrubu na riveti ziwe za stenlesi. Skrubu za kawaida huanza kutu haraka kwenye hewa ya chumvi, na metali mbili tofauti zikikaa pamoja penye chumvi na unyevu, moja huila nyingine. Hapa inayoliwa ni aluminiamu yako.

Kupima

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tusikimbie.

"Dirisha la tano kwa tano" ni jina tu. Futi tano ni milimita 1,524, na sijawahi kuona tundu lililojengwa kwa tofali na kupigwa lipu likatoka na milimita hizo. Pima kwa milimita, kwa tepu ya chuma, na upime tundu lililokamilika, yaani baada ya lipu na baada ya kigae cha kizingiti. Kama utabomoa fremu ya mbao kisha uzibe miimo, yaani kingo za pembeni za tundu, kwa saruji, vipimo vya kuagizia vichukuliwe baada ya kuziba. Wengi hupima fremu ya zamani ikiwa bado ukutani, halafu wanashangaa dirisha jipya likicheza.

Pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Pima urefu mara tatu: kushoto, katikati, kulia. Tuseme upana umetoka 1,520, 1,512 na 1,516. Chukua ule mdogo, 1,512, kisha toa milimita 10, tano kila upande. Fremu yako itakuwa 1,502. Urefu ukitoka 1,508, 1,505 na 1,511, chukua 1,505, toa 10, agiza 1,495.

Nafasi hiyo ya milimita tano haimaanishi fundi amekosea. Aluminiamu hutanuka kwa joto. Kipande cha mita mbili kikipanda nyuzi 40 za Selsiasi hurefuka kwa karibu milimita 2, na fremu nyeusi inayopigwa na jua la saa nane mchana hupanda kiasi hicho bila shida. Ukiibana fremu baina ya kuta mbili itapinda katikati, na dirisha litakuwa linakwama mchana na kuachia usiku.

Sasa pima kutoka kona hadi kona, mishazari yote miwili. Ikilingana, tundu lako lina pembe sawa. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 10, rekebisha miimo kwa lipu kabla ya kuagiza. Usikubali maneno ya "tutaziba na silikoni". Mwisho, weka timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) kwenye mwimo, na pimamaji (la kupimia usawa) kwenye kizingiti na chini ya lenta, ile boriti iliyolala juu ya tundu.

Andika namba ya kila dirisha ukutani kwa penseli, na namba hiyo hiyo kwenye karatasi. Madirisha mawili yanayofanana kwa macho karibu kila mara yanatofautiana kwa milimita nane au tisa. Na mtu atakayekata aluminiamu ndiye aje apime. Ukimpelekea vipimo vyako naye akakosea, kila mmoja atamtupia mwenzake lawama na dirisha litabaki halitoshi.

Makubaliano yaandikwe

Bei hupigwa kwa futi ya mraba, kwa mita ya mraba, au kwa dirisha zima. Ulinganishe mafundi kwa kipimo kimoja. La tano kwa tano ni futi za mraba 25. Halafu andikeni mambo haya hata kwenye karatasi ya daftari: unene wa fremu, unene na rangi ya kioo, idadi ya reli, aina ya wavu, skrubu za stenlesi, silikoni ya aina gani, nani anaziba miimo, nani anabeba mabaki, na vigurudumu vikikatika ndani ya muda gani atavibadilisha bure. Malipo yagawanywe mara tatu: ya kununulia malighafi, ya fremu zikishasimama, na ya mwisho baada ya jaribio la maji nitakalolieleza huko mbele. Hiyo ya mwisho isiwe ndogo.

Kung'oa la zamani

Vaa miwani, glovu nene na viatu vya kufunika. Bandika gundi ya karatasi kwenye vioo kwa mtindo wa msalaba, kisha vitoe kwanza. Mabawa yafuate. Fremu usiigongee nyundo kutoka ndani: utabomoa lipu ya nje yote. Kata mbao ya chini katikati kwa msumeno, ingiza mtarimbo kwenye mkato, vuta kuelekea ndani ya tundu. Ikitoka hiyo, miimo inafuata yenyewe. Vile vikono vya chuma vilivyoshika fremu ukutani vikate kwa grinda, usivivute, maana vimefungwa ndani ya tofali.

Rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto. Lowesha, na vumbi lote lifagiliwe na kutupwa.

Ukiona njia za udongo za mchwa ukutani, usifunike. Zifuate hadi zinakotoka na tia dawa sasa, tundu likiwa wazi. Mchwa hawatakula aluminiamu, lakini watapita nyuma yake kwenda kwenye paa.

Tazama pia lenta. Ufa mwembamba wa lipu si neno. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona za juu za dirisha, au lenta iliyolegea katikati, simamisha kazi umwite mtu wa ujenzi. Na ukitaka kupanua dirisha, elewa kwamba lenta lazima ilale juu ya tofali pande zote mbili, angalau sentimita 15, na 20 na kitu ni bora. Ukikata ukuta hadi mwisho wa lenta umeiacha inaning'inia. Kupanua kwenda chini hakugusi lenta. Kupanua kwenda pembeni ni kazi nyingine kabisa, ya nguzo za muda na lenta mpya.

Kizingiti cha chini

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ya kumsomea fundi wako kwa sauti, ni hii.

Kizingiti bapa ni bwawa. Ukimimina glasi ya maji pale, maji lazima yakimbilie nje yenyewe. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 10 unatosha. Ukuta wa tofali la inchi sita pamoja na lipu una karibu sentimita 18 hadi 20. Fremu ikikaa upande wa ndani, unabaki na sentimita 10 au zaidi za nje, na hizo zote ziteremke.

Kizingiti kitokeze nje ya ukuta sentimita 4 au 5. Chini ya sehemu iliyotokeza, weka mfereji mwembamba wa upana wa kidole kidogo, kwenda urefu wote. Fundi hulaza kijiti au kipande cha waya mnene kwenye saruji mbichi, akakitoa ikishika. Bila mfereji huo, maji hufuata tumbo la kizingiti hadi ukutani na kuchirizika juu ya rangi. Ile michirizi myeusi unayoiona chini ya madirisha ya mji mzima inatoka hapo. Mfereji huyakata, yanadondoka.

Nyuma ya fremu, upande wa ndani, kizingiti kiwe juu kidogo kuliko upande wa nje, kama ngazi ya sentimita moja na nusu hadi mbili. Maji yaliyopenya chini ya fremu yatagonga ngazi hiyo na kurudi nje. Vigae vikiwekwa, vifuate mteremko huo huo, na usiruhusu kigae kimoja kipite kutoka ndani hadi nje chini ya fremu bila kukatika, kwa kuwa kitakuwa daraja la maji.

Saruji moja kwa mchanga tatu, mchanga uliochekechwa, wala usiwe wa baharini kamwe. Ikishakauka juu, funika kwa gunia bichi na umwagie maji siku tatu mpaka saba. Kizingiti kilichokauka haraka kwa jua hupasuka nywele nywele, na nywele hizo hunywa maji miaka yote.

Grili, na njia ya kutokea

Grili huja kabla ya fremu. Nafasi kati ya chuma na chuma isizidi sentimita 10, ili kichwa cha mtoto kisipite. Paka rangi ya kuzuia kutu sehemu zote, hata zile zitakazofukiwa ukutani, kabla ya kuisimamisha.

Naomba hapa unisikilize kama ndugu. Nyumba nyingi zetu zina grili kila dirisha na geti la chuma mlangoni, na moto ukianzia sebuleni hakuna pa kutokea. Katika kila chumba cha kulala, angalau grili moja iwe na sehemu ya kufunguka kutoka ndani, upana wa kutosha mtu mzima kupita, yenye kitasa au kufuli ambalo ufunguo wake unaning'inia sehemu moja isiyobadilika, ambapo mkono wa mtu mzima unafika gizani na mtoto mkubwa anaujua. Mchomeleaji atakuambia inaongeza gharama. Inaongeza bawaba mbili na kitasa. Hiyo sehemu ya kufunguka iwe mbele ya bawa la kioo linalofunguka, maana nimeshaona imewekwa mbele ya kioo kilichofungwa moja kwa moja.

Kusimamisha fremu

Toa mabawa yote kwanza. Fremu tupu ni nyepesi na haidanganyi. Hakikisha matundu ya kutolea maji yapo: ni vitundu virefu vyembamba kwenye reli ya chini, upande wa nje. Kama hayapo, yatobolewe sasa, mawili au zaidi kwa dirisha, kila reli iwe na njia yake. Dirisha la kusukuma huingiza maji kwenye reli kila mvua ikipiga, ndivyo lilivyoundwa; linategemea matundu hayo kuyatoa. Bila matundu reli inajaa, halafu inafurika ndani.

Weka vipande vya plastiki chini ya fremu, karibu na kila kona na chini ya katikati. Usitumie vipande vya mbao, vitavimba na kuoza. Simamisha fremu, weka pimamaji kwenye reli ya chini, ongeza au punguza plastiki hadi povu litulie. Kisha timazi kwenye miimo, mara mbili: ukitazama kwa mbele, na ukitazama kwa ubavu. Dirisha lililolala kwa ndani hujifungua lenyewe au kujifunga lenyewe. Halafu pima tena mishazari ya fremu. Tofauti isizidi milimita 3.

Toboa kwa drili kupitia miimo ya fremu hadi ndani ya tofali, weka plagi, kaza skrubu. Ya kwanza iwe karibu sentimita 15 kutoka kona, zinazofuata zisipishane zaidi ya sentimita 60. Penye skrubu pawe na kipande cha plastiki nyuma yake, ili ukikaza fremu isivutwe kuelekea ukutani. Tofali letu mara nyingi lina mchanga mwingi. Plagi ikizunguka bure, usiongeze kijiti cha kiberiti. Toboa tundu jipya pembeni, kwa plagi ndefu zaidi.

Reli ya chini usiitoboe kama unaweza kuepuka. Skrubu hapo ni tundu la maji lililowekwa kwa makusudi. Dirisha likiwa pana na ni lazima, tia silikoni ndani ya tundu kabla ya skrubu, na juu ya kichwa chake baada ya kukaza.

Kila skrubu mbili, rudisha pimamaji. Mafundi wengi hupima mwanzoni, wakaza zote, wakaondoka.

Kuziba

Kuna silikoni ya aina mbili. Moja ina harufu kali ya siki. Ni ya kioo na vigae. Ya pili haina harufu hiyo, na kwenye kopo huandikwa kuwa ni nyutro. Kwa fremu ya aluminiamu na ukuta wa saruji chukua nyutro. Ile ya siki haishiki vizuri kwenye saruji, na tindikali yake huumiza metali.

Rangi ya ukuta ipakwe kwanza, kwa kuwa silikoni haikubali rangi juu yake. Piga brashi mwanya wote, toa vumbi, futa aluminiamu kwa kitambaa chenye spiriti. Mwanya ukizidi milimita tano au sita, jaza kwanza kamba ya sponji kwa ndani, kisha silikoni ishike pande mbili tu: fremu na ukuta. Ikishika hadi nyuma, fremu ikitanuka silikoni itachanika. Vuta mstari mmoja usiokatika, ulainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni, acha saa 24 bila kuguswa.

Ziba juu, ziba pande zote mbili, ziba chini ya fremu kwa nje. Lakini matundu ya maji yabaki wazi. Kwenye chumba cha watoto wetu, masika ya kwanza baada ya kazi, maji yaliingia hadi kitandani. Nilimlaumu fundi wa lipu, nikalaumu paa. Mwisho nikachuchumaa nje nikitazama kwa tochi: aliyeziba alikuwa mwangalifu mno, akapitisha silikoni hata juu ya matundu yote manne. Nilizitoa kwa ncha ya wembe, na maji yaliyokuwa kwenye reli yakatoka palepale. Tangu siku hiyo tundu la maji ndilo la kwanza ninaloliangalia, hata nikienda kumtembelea mtu.

Mabawa na wavu

Ingiza bawa juu kwanza, kisha lishushe kwenye reli. Rekebisha vigurudumu kwa bisibisi mpaka bawa lisimame sambamba na mwimo na lisukumike kwa kidole kimoja. Hakikisha kile kizuizi cha juu kipo, kinachozuia bawa kunyanyuliwa kutoka nje. Bila hicho kufuli halina maana. Wavu ubanwe kwa raba pande zote, bila mikunjo. Mbu wa malaria huingia usiku, na mwanya wa penseli unawatosha, kwa hiyo tazama pale wavu unapokutana na bawa la kioo: pawe na brashi. Ukimaliza madirisha, inua macho. Kama kuna uwazi kati ya ukuta na paa, mbu watapita huko bila kuhangaika na wavu wako.

Jaribio la maji, kabla ya malipo ya mwisho

Silikoni ikishakauka, funga dirisha, mweke mtu ndani na karatasi kavu za chooni. Wewe chukua mpira wa maji nje. Anza chini, kwenye kizingiti, dakika tano. Kisha miimo, kisha katikati ya vioo, mwisho juu. Usianze juu: maji yatashuka kote na hutajua yameingilia wapi. Aliye ndani apitishe karatasi kwenye kona na chini ya fremu kila dakika. Reli kuwa na maji ni sawa, ilimradi yanatoka nje kwa matundu na yanapungua ukifunga bomba. Karatasi ikilowa, weka alama, kausha, ziba, rudia. Fanya hivi kwa madirisha yote, hasa ya upande wa kusi.

Baada ya hapo

Karatasi ya plastiki ya kulinda fremu itolewe wiki hiyo hiyo. Ikipikwa na jua miezi miwili inagandamana na kutoka vipande vipande. Kama mafundi wa vigae bado wako kazini, usiwaruhusu waoshe sakafu kwa asidi karibu na madirisha. Mvuke na matone yake huila aluminiamu. Kwetu karibu na bahari tunaosha fremu kwa maji baridi na sabuni laini kila mwezi kuondoa chumvi, na reli tunaifagia kwa brashi ya kupakia rangi. Mafuta ya kula au grisi usitie kwenye reli, yatanasa mchanga na kusaga vigurudumu.

Mvua kubwa ya kwanza ya masika, hata kama ni saa tisa usiku, amka na tochi. Pitisha kidole chini ya kila fremu upande wa ndani, halafu mulika matundu ya maji kwa nje kupitia kioo. Uyaone yakitoa.